Anayesema "Nani" Anawasha Jenereta

Kugombana nilijifunza kabla ya kompyuta, na vyote viwili nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu.

Nilikuwa nauza betri na tochi kwenye duka la tajiri mmoja pale Shinyanga mjini, mzee Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, duka alilolifungua babu yake. Mwanawe mkubwa akaleta kompyuta kutoka Mwanza, mtumba, ina rangi ya meno ya mvuta sigara, pamoja na kitabu kinene cha Kiingereza kilichokwisha kupoteza jalada. Kisha mwana mwenyewe akaenda zake Ulaya kusoma. Mashine ikabaki stoo imefunikwa shuka kama maiti. Wenzangu wakienda kula mchana, mimi naifunua. Kitabu nilikisoma kwa kamusi, neno baada ya neno, nikifika mwisho wa sentensi mwanzo nimeshausahau. Mpaka siku nilipoiamuru ijumlishe betri za dukani, ikajumlisha. Nilitoka nje mbio, nikamshika muuza karanga mabega.

"Imenielewa!"

"Nani?"

"Mashine!"

Akanipa karanga bure. Aliona nimeshachanganyikiwa.

Haya, ndiyo miaka ile ya tisini serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba. Tajiri akachukua kiwanda cha kuchambua pamba, jineri, pembeni ya mji karibu na reli, akaihamishia kompyuta huko. Mimi nikaifuata. Chumba chetu kilikuwa nyuma kabisa, upande mmoja marobota ya pamba yamepangwa hadi darini, upande wa pili ukuta, na nyuma ya ukuta jenereta kuukuu la kuzungushwa kwa mkono. Ukikaa mle saa moja unatoka na nywele nyeupe kama babu yako, kwa vumbi la pamba.

Tulikuwa wanne. Mkubwa wetu alikuwa dada mmoja aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi Usukumani kumwuguza mama yake. Kila mtu alimwita dada, hata waliomzidi umri. Alikuwa na sauti ndogo. Ukimpigia kelele anaishusha zaidi, mpaka na wewe unalazimika kunyamaza ili umsikie. Huo ni uchawi ambao mimi sijawahi kuumudu.

Wa pili alikuwa mzee aliyestaafu reli. Alikaa geti la juu, lile la barabara kuu, na kila asubuhi alikuja na koti lake la reli limepigwa pasi, saa yake ameifunga kwa mnyororo. Wa tatu alikaa geti la chini. Huyo alikuwa mchimbaji. Alikuwa ameingia maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuanzia huko Runzewe mpaka Mwakitolyo, akatoka na kikohozi na mdomo usiofungwa. Ndiye pia aliyelitunza jenereta.

"Mimi nimeingia tumboni mwa dunia nikatoka," alikuwa akiniambia. "Wewe mwenzangu umeingia wapi? Stoo ya betri!"

Nilipogombana na mjomba wangu nikafukuzwa na godoro langu, mchimbaji ndiye aliyesogeza kitanda chake ukutani, akaniambia tandika hapo. Hakuniuliza kitu. Basi mtu wa namna hiyo ukimgusa, umenigusa mimi, na mimi sigusiki.

Kazi yetu ilikuwa foleni. Malori ya pamba yalikuja kutoka vijijini, yamejaa mpaka yanayumba, na msimu ukipamba moto yalipanga mstari kutoka getini hadi darajani. Kila dereva anataka kushusha kwanza. Kila siku ngumi. Tajiri akasema kompyuta ndiyo itapanga. Kila geti liandike kwenye kikadi namba ya gari na muda wa kufika, vikadi viletwe kwetu, sisi tuviingize, mashine itoe karatasi ya nani anamfuata nani, karatasi ibandikwe ukutani. Mashine haina shemeji, alisema. Haina kabila. Haiombi chai.

Programu tuliiandika mimi na dada, mistari yake mingine, mingine yangu. Tulipoijaribu mara ya kwanza ikatoa foleni kichwa chini miguu juu, aliyefika wa mwisho akawa wa kwanza. Mimi nikawaka.

"Nani kagusa hapa? Jana ilikuwa sawa! Nani?"

"Mimi sijagusa," dada akasema.

"Basi nani? Panya?"

Mchimbaji alikuwa anapita na debe la dizeli. Akasimama mlangoni akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Bebe, wewe! Ungekuwa kwetu duarani sasa hivi ungekuwa unavuta kamba."

"Kamba gani?"

Akatua debe. Akatueleza kwamba kwao mle shimoni, mwamba ukidondoka, au timba la kushikilia ukuta likivunjika, watu wakitoka salama wanakaa juu ya udongo waliouchimba wenyewe, wanazungumza. Lakini neno *nani* hawalisemi. Wanauliza duara limefanya nini. Anayejisahau akasema nani, ndoo zinazofuata anazivuta peke yake.

"Mnaogopa kugombana?" nikamwuliza.

"Sisi? Kugombana ndiyo chakula chetu. Sikiliza. Ukiuliza nani, aliyeuona ufa jana anafunga mdomo. Ataogopa kuulizwa mbona hukusema. Na ufa haujaenda mahali, uko kule kule chini unakusubiri."

Dada aliweka kalamu mezani. "Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Yote."

Akarudia. Nilimwona dada ameduwaa, macho yametazama mbali, kama mtu anayesikiliza wimbo uliopotea utotoni mwake. Mimi sikuona kitu. Niliona habari za mashimo tu.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya watu kwenda msikitini, alituketisha juu ya marobota. Akasema kuanzia leo kila Ijumaa tutaitazama wiki iliyopita. Sheria ya duara ndiyo sheria yetu, ila hapa hatuna kamba, kwa hiyo anayesema nani anakwenda kuwasha jenereta. Lile jenereta! Unaingiza mpini wa chuma ubavuni, unazungusha kwa mwili mzima, likikataa linaurudisha mpini kwa hasira, lingeweza kukuvunja mkono. Mimi ndiye niliyeliwasha zaidi ya wote. Viganja vyangu viliota sugu kama vya mkulima, na shamba sina.

Mwenye kuanza kusema alikuwa mgeni kuliko wote kazini, na dada mwenyewe alisema mwisho. Niliuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mkubwa akianza, wengine wote watakuwa wanamjibu yeye. Kisha alitugawia mbegu za pamba, zile za kuokota chini tu, kila mtu konzi sawa na mwenzake. Kila tatizo lililotajwa liliwekewa kopo lake. Unatumbukiza mbegu zako kwenye kopo linalokuuma. Kopo lililojaa kuliko mengine ndilo tutakaloshughulika nalo wiki hiyo, hilo tu, mengine yasubiri.

Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto. Nilitumbukiza mbegu zangu zote kwenye kopo la umeme kukatika, nikajiona mjanja.

Lakini mzee wa reli, mtu ambaye wiki nzima husikii kwake zaidi ya marahaba, alikwenda na konzi yake yote akaimimina kwenye kopo ambalo hakuna mwingine aliyeligusa. Kopo la karatasi. Tukamtazama.

"Herufi," akasema. "Ni ndogo. Siku zote naomba dereva anisomee."

Tukaelewa wote kwa pamoja. Karatasi ya foleni getini kwake alikuwa akisomewa na madereva wenyewe, wale wale wenye foleni! Na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza jambo ambalo lingemruhusu kulisema bila aibu. Mchimbaji alichota mbegu zake kutoka kopo lingine akazihamishia kule. Na mimi zangu.

Tulikuza herufi. Ijumaa iliyofuata dada hakuanza na jingine. Aliuliza, "Tuliahidi herufi. Zimekuwaje?" Mzee akasimama, akaishika karatasi mbali na uso wake, akaanza kusoma namba za magari kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sauti ile ya kutangaza treni, chumba kizima kikajaa. Alipomaliza hakuna aliyetikisika. Nilisikia manyoya ya pamba yakitua. Niliwaza: hawa watu nilikuwa nakaa nao kila siku, na kumbe nilikuwa sijaingia hata mlangoni mwao.

Mambo yakaenda vizuri. Halafu msimu ukachachamaa.

Ilikuwa Ijumaa, jua kali, mstari wa malori hauonekani mwisho. Umeme ulikuwa umekatika tangu tulipotoa karatasi ya asubuhi. Nikasikia kelele ukutani kwenye karatasi, nikatoka. Dereva mmoja mpana kama kabati, mtu wa huko Bukombe, alikuwa ameing'oa karatasi na kuikunja mkononi.

"Mimi nimelala hapa na gari langu! Hapa, kwenye mavumbi haya! Yule kaingia leo, nimemwona kwa macho yangu akiingia, na ni wa tatu! Mimi wa ngapi? Kompyuta yenu inakula rushwa!"

"Kompyuta haina mdomo, itakulaje?" nikamwambia.

"Basi inalishwa! Kijana, usinicheke!"

"Sijakucheka, lakini kama unataka nikucheke, sogea!"

Tajiri akatokea katikati yetu. Aliichukua ile karatasi, akaikunjua juu ya paja lake, akaanza kupita na kidole. Kwenye kila namba ya gari palikuwa na herufi ya geti.

"Geti la chini," akasema. "Geti la chini. Geti la chini. Huyu pia." Akanyanyua uso. Madereva wa geti la juu walikuwa wamesogea, wamenyamaza, na ukimya wa madereva ni mbaya kuliko matusi yao.

Alituita chumbani, mimi na dada. Hakupiga kelele.

"Mtu wangu anachukua chai kule chini. Karatasi imesema. Mimi nakwenda msikitini. Nikirudi nataka mnitajie jina moja. Leo leo anaondoka, na hawa madereva nitawaambia nimemwondoa mwizi."

Jina gani, wakati getini kule yuko mtu mmoja tu? Alitaka tulitamke sisi.

Mchimbaji alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia. Alikaa chini pale pale.

"Sijapokea hata soda," akasema. "Hata soda."

"Najua," nikamwambia.

"Hujui unachojua. Kibarua si kitu, vibarua viko. Lakini neno lile linatembea. Litafika Mwakitolyo kabla yangu. Ukishaitwa mwizi hakuna atakayekushikia kamba ukishuka. Sasa mimi nitaishi wapi, kama juu sitakiwi na chini siwezi kushuka?"

Nilichukua ule mpini wa jenereta. Nia yangu ilikuwa moja, kwenda kumwonyesha yule kabati wa Bukombe kompyuta inakula nini. Dada akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Rudisha. Kaa."

"Dada, leo si siku ya mbegu!"

"Leo ndiyo siku yake. Kamwite mzee, funga mageti kidogo."

Tukakaa kwenye marobota. Mnaweza kuamini alianza na ahadi ya wiki iliyopita? Mwenzetu yuko kwenye ncha ya kisu, na yeye anauliza, "Tuliahidi kubadilisha kamba ya kufungia vikadi. Imekuwaje?" Mzee akajibu imekuwa sawa. Dada akashukuru. Nilitaka kulia. Sasa naelewa alichokuwa anafanya, alikuwa anatupunguzia mapigo ya moyo. Siku ile nilimwona ana roho ya jiwe.

Kisha akasema, "Hatutazungumzia rushwa. Hatutazungumzia mtu. Nataka nione lori linavyofika. Wewe," akanielekeza kidole, "utakuwa lori."

"Mimi? Na hasira hizi?"

"Lori lenye hasira. Nguruma."

Niliapa moyoni, nikasimama, nikanguruma. Mchimbaji hakucheka. Mzee wa reli akasimama kati ya marobota mawili, hilo ndilo geti lake, saa yake mkononi, kikadi tayari. Nikamwendea. Nikafika usoni pake. Hakuandika.

"Andika," nikamwambia.

"Bado."

Nikasogea. "Sasa?"

"Bado."

Nikapita mwili mzima katikati ya yale marobota. Alipoona kisigino changu kimevuka, akafungua saa, akaandika.

"Mbona nilikuwa mbele yako tangu zamani?"

"Treni ikisimama nje ya steshini haijafika," akasema. "Imefika ikishagusa jukwaa. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyowafundisha wengine."

"Sawa," dada akasema. "Sasa geti la chini."

Nikarudi mwisho wa chumba, nikanguruma tena, bila moyo. Sijanyanyua mguu, mchimbaji akashika kalamu, akaandika.

"Sijafika!" nikasema.

"Gogo lako limefika."

"Gogo gani?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji ni kitu gani. Akatueleza. Malori yale yamezidiwa. Yanachemka, yanapasua tairi, yanalala kwenye mchanga wa mtoni kabla ya kufika mjini. Basi utingo anachukua lile gogo la kuzuilia gurudumu, limeandikwa namba ya gari kwa rangi, anapanda baiskeli ya kuazima, anakuja nalo mbele, analiweka kwenye mstari. Dereva anabaki anahangaika na gari lake.

"Gogo likiwa kwenye mstari, gari lipo," akasema mchimbaji. "Ni kama ndoo kisimani. Umeweka ndoo, umekwenda kumnyonyesha mtoto, nafasi ni yako. Sasa na..." Akalishika neno kwa meno. Tukaliona linavyomhangaisha mdomoni. "Sasa mtu gani mwenye mama ataipita ndoo ya mwenzake?"

Mzee wa reli alifunga saa yake polepole.

"Kwangu pia wanayaleta hayo magogo," akasema. "Nayatupa kando ya ua. Nilidhani wananichezea."

Sijui niwaelezeje kilichotokea mle ndani. Chumba kilibadilika, kama pale wingu linapoondoka na unakuta mlima ulikuwepo muda wote. Mwanzoni mwa msimu, tulipoijaribu programu, malori yalikuwa machache, hakuna foleni, hakuna haja ya gogo. Kila kitu kilikwenda sawa, tukashangilia. Foleni ilipotokea, magogo yakatokea nayo. Geti moja likayapokea, geti jingine likayatupa, na mashine katikati, haijui kitu, ikapanga gogo na gurudumu kwenye mstari mmoja kama ndugu.

"Programu inasema *muda wa kufika*," dada akasema taratibu. "Haikuuliza lori linafikaje."

Mstari ule wa programu uliandikwa kwa mkono wa mmoja wetu wawili. Sitasema wa yupi. Sheria ni sheria.

Niliwatazama wale watu wawili, yule wa jukwaa na yule wa kisimani. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa mwaminifu mpaka mfupani, na uaminifu wa huyu uligongana na uaminifu wa yule, ukatoka mwizi ambaye hayupo. Maisha yangu yote nilikuwa naamini kwamba jambo likiharibika kuna mtu wa kupigwa. Nikakaa.

Dada akaweka makopo mawili chini, gogo na gurudumu, akaanza kugawa mbegu. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Tajiri, na kofia yake ya Ijumaa, na harufu ya uturi.

"Haya," akasema. "Nani?"

Mchimbaji aliinamisha kichwa. Mimi niliinuka nusu, sijui nilitaka kufanya nini. Na aliyefungua mdomo, ninaapa, ni mzee wa reli, mtu aliyeishi miaka yote akisema ndiyo bwana.

"Tajiri, samahani. Neno hilo humu ndani lina faini."

"Lina nini?"

"Faini. Anayelisema anawasha jenereta."

"Nani ameweka faini kwenye kiwanda changu?"

"Mara mbili," akasema mchimbaji. Lilimponyoka. Akauziba mdomo wake kwa mkono, lakini limeshatoka.

Tajiri aligeuka kumtazama dada, na dada hakushusha macho. "Karibu ukae, mzee," akamwambia. "Jina hatuna. Tuna kitu kingine. Tukikuonyesha usipokiona, fanya unavyotaka." Kisha akanigeukia. "Lori."

Nikanguruma tena mbele ya tajiri wangu, mtu niliyemwuzia betri tangu sijaota ndevu. Nikakataliwa geti la juu mpaka kisigino kilipovuka. Nikaandikwa geti la chini nikiwa bado mbali. Mchimbaji akasimulia habari ya gogo, yote.

Tajiri alikaa kwenye robota bila kulipangusa kwanza. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Miaka ile ya shida," akasema, "sukari ikija dukani, watu walipanga mawe. Alfajiri ukifungua mlango hukuti watu, unakuta mawe, na matofali, na kandambili moja moja. Mke wangu alisema uza kwa waliosimama. Mimi niliuza kwa mawe. Kila jiwe nilijua la mama yupi." Alitikisa kichwa. "Niliuza kwa mawe mimi mwenyewe."

Dada akamnyooshea kiganja chenye mbegu. "Mgeni ndiye anaanza."

Alizishika kama mtu aliyepewa kifaranga. Alitazama kopo moja, akatazama jingine. Tulingoja. Mwisho akagawa, nusu huku, nusu kule. Akasema, "Gogo lishike nafasi. Lakini jua likizama gurudumu halijaja, gogo litolewe. Mageti yote mawili. Sawa?" Na sisi tukatumbukiza zetu, nusu huku, nusu kule. Mbegu moja ilimponyoka mchimbaji ikaanguka chini, akaitafuta kwa magoti mpaka akaiona.

Mzee wa reli alitoka akaenda kando ya ua. Alirudi amebeba magogo kifuani kama kuni. Moja lilikuwa na namba ya gari la yule kabati wa Bukombe. Alimpelekea mwenyewe, na mimi nikamfuata ikitokea lolote.

"Hili lililetwa na utingo wako," akamwambia. "Nililitupa. Sikujua maana yake. Sasa linahesabiwa."

Yule mtu alilipokea, akaligeuza akitazama rangi ya namba yake. Alimwangalia mzee, akaliangalia koti la reli. "Wabeja, baba," akashukuru kwa Kisukuma, na zile pumzi zote alizozivuta kwa ajili ya kugombana zikamtoka. Akaona nimekunja ngumi bado. "Na wewe lori, punguza moto," akasema. Kumbe madereva walikuwa wanachungulia dirishani muda wote.

Ilibaki kutoa karatasi mpya, na umeme haujarudi. Mchimbaji akanyanyuka kuufuata mpini. Tajiri akamzuia kwa mkono.

"Kaa. Ulisema mara mbili, siyo?"

"Tajiri, nilikuwa natania tu..."

"Mimi sitanii."

Alivua koti akalining'iniza kwenye msumari, akakunja mikono ya kanzu. Wote tulikwenda nyuma ya ukuta, na makuli wakaacha magunia wakaja. Aliingiza mpini bila kupapasa, mahali pake hasa, akapanua miguu kama mtu anayejua mashine inavyopiga mateke. Alizungusha. Jenereta likakohoa, likazima. Wazee wa rika lake walikuwa wanakaa barazani wakipepewa. Akavuta pumzi, akazungusha tena, mishipa ya shingo imemsimama, na safari hii likashika, likanguruma, moshi mweusi ukapanda, na balbu ya chumbani kwetu ikawaka, tukasikia printa ikilia kule ndani kama mbuzi. Makuli walipiga vigelegele.

Tajiri alitazama viganja vyake, vimejaa grisi. Alifungua mdomo, nikaliona lile neno linakuja, nikaona analirudisha.

"Hii mashine," akasema akihema, "nini... nini kimeifanya iwe nzito hivi?"

Mchimbaji alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mafuta, tajiri. Yale ya bei nafuu unayoleta, yanaganda. Nimeona tangu mwanzo wa msimu. Nilikuwa naogopa kusema."